SOMO LA MASHINE: Paipu ya Nozeli Ivujayo na Namna ya Kuitengeneza



Katika kurasa hizi tumezoea kuzungumza khabari za mikarafuu yenyewe: kupalilia, kuchuma, kuanika na kufunga magunia. Mara hii tunataka kuzungumza juu ya jambo lisiloota shambani, lakini lisipoangaliwa hula faida ya shamba. Nalo ni kuvuja kwa paipu za mafuta katika injini kongwe za dizeli, khasa zile paipu za chuma zinazotoka kwenye pampu ya dizeli kwenda kwenye nozeli.

Pengine mtu atauliza, "Injini zina nini nasi wenye mikarafuu?" Jawabu ni kuwa twazitegemea kuliko tudhaniavyo. Ni kweli kwamba tangu mwaka 2010 umeme wa Pemba huja kwa waya uliolazwa chini ya bahari kutoka upande wa Tanga, na kabla ya hapo kisiwa kilikuwa kikitegemea jenereta za dizeli. Lakini waya huo haukuziondoa injini mikononi mwetu. Lori la kupelekea karafuu kituoni, mashua ya mashine, pampu ya kumwagilia miche wakati wa kiangazi, na mashine ya kusaga iliyo mbali na nguzo za umeme, vyote hivyo huenda kwa dizeli. Na nyingi si mpya. Injini za silinda moja zenye magurudumu mawili makubwa, za namna ya Lister, zilianza kutengenezwa Dursley, Uingereza, karibu na mwaka 1930 na zikaendelea mpaka 1987, na mifano yake ikatengenezwa India pia. Injini hizi hazifi upesi. Zinalokufa nalo mapema ni paipu zake.

Kabla ya kuingia katika somo, tushike maneno mawili, maana ndiyo roho ya yote yatakayofuata. La kwanza: paipu ya nozeli haizibwi. Ama hukazwa sawasawa, ama husafishwa, ama hubadilishwa. Dawa ya nne hapana. La pili: mkono haupelekwi mahali inapovuja wakati injini inakwenda.

1. KUIJUA NJIA YA MAFUTA

Mafuta hupita njia tatu, na kila moja ina tabia yake. Asiyezitambua hutengeneza paipu nzima na kuiacha mbovu.

Njia ya kwanza hutoka kwenye tangi, hupita katika chujio, na kufika kwenye pampu ya dizeli. Humu nguvu ya mafuta ni ndogo. Tangi likiwa juu ya injini, pakilegea mafuta hudondoka. Tangi likiwa chini, na mafuta yakavutwa, huenda usione tone hata moja, bali upepo huingia ndani. Dalili yake ni injini kuwaka kwa taabu asubuhi, au kwenda kidogo ikazimika yenyewe.

Njia ya pili hutoka kwenye pampu hadi kwenye nozeli. Hii ndiyo paipu tunayoisema leo. Ni ya chuma kinene, na tundu lake la ndani ni jembamba, kiasi cha milimita 2 hivi. Tairi la lori hujazwa upepo kiasi cha ratili 100 kwa kila inchi ya mraba. Ndani ya paipu hii, katika injini nyingi kongwe, nguvu hupita ratili 1,500, na katika nyingine huzidi hapo. Tena nguvu hiyo haikai imetulia, bali hupiga kama nyundo. Injini ya silinda moja iendayo mizunguko 650 kwa dakika hupokea mapigo 325 kila dakika, yaani 19,500 kwa saa moja. Basi usistaajabu paipu ikichoka.

Njia ya tatu ni ya kurudisha mafuta. Kila nozeli huachia mafuta machache yakapita pembeni, nayo hurudishwa kwenye tangi au chujio kwa kijipaipu chembamba au kwa mpira. Hapa nguvu hakuna. Lakini kwa kuwa kijipaipu hiki kimeshikana na kichwa cha nozeli, mara nyingi uvujaji wake husingiziwa paipu kubwa. Kama panapovuja ni penye wosha za shaba nyekundu, tia wosha mpya. Zikikosekana, zile za zamani, ikiwa hazina mikwaruzo, huchomwa moto mpaka zigeuke nyekundu na kutumbukizwa katika maji, zikalainika tena. Kisha hufutwa masizi na kurudishwa. Na kama mpira umepasuka, tia mpira mpya wa kustahimili mafuta, si kipande cha tyubu ya baiskeli.

2. KHATARI YA MKONO

Tumeliweka jambo hili mbele ya spana kwa makusudi. Paipu ya nozeli ikiwa na ufa mdogo, mafuta hutoka kama uzi, au kama mvuke usioonekana vizuri katika kivuli. Mtu huona injini imeroa, naye hupapasa kwa kidole atafute panapotoka. Uzi ule wa mafuta una nguvu ya kutoboa ngozi na kuingia ndani ya nyama.

Ubaya wake ni kuwa jeraha lenyewe huwa dogo kama alama ya sindano, na mwanzo huenda lisiume sana. Mtu hulipangusa akaendelea na kazi. Baada ya saa chache mkono huvimba, na dizeli iliyo ndani huharibu nyama. Wako waliokatwa vidole, na wako waliokatwa mkono, kwa sababu walingoja mpaka kesho. Basi likimpata mtu jambo hili, asifungwe kitambaa akaambiwa alale. Apelekwe hospitali saa ile ile, hata kama hana maumivu, na daktari aelezwe wazi: "Amepigwa na dizeli yenye nguvu, imeingia chini ya ngozi." Maneno hayo yana kazi kubwa, kwa kuwa akiliona jeraha peke yake huenda asilidhanie.

Khatari nyingine ni moto. Dizeli iliyo ndani ya debe haishiki moto upesi, lakini ikirushwa kama mvuke juu ya bomba la moshi lenye joto, hapo mambo hugeuka. Katika mashua, mbali na pwani, hakuna pa kukimbilia.

3. KUTAFUTA MAHALI PANAPOVUJA

Zima injini uiache ipoe. Isafishe kwa brashi na maji ya sabuni, kisha ikaushe kwa kitambaa safi. Usitumie manyuzi ya pamba, maana huacha nyuzi, na uzi mmoja ukiingia katika nozeli unatosha kukuharibia siku.

Injini ikishakauka, iwashe, usimame pembeni. Chukua kipande cha boksi la karatasi ngumu, ukishike kwa kijiti kirefu, ukipitishe polepole kando ya paipu, kuanzia kwenye pampu mpaka kwenye nozeli. Boksi likiroa, umepajua mahali. Usiyaweke macho karibu. Mwenye miwani aivae.

Kumbuka kuwa mafuta huteremka. Pale yanapodondokea sipo yanapotoka. Tafuta palipo juu kabisa penye majimaji, hapo ndipo.

Kisha tazama ni lipi katika haya matatu: kwenye nati ya upande wa pampu au wa nozeli, nyuma kidogo ya nati, pale kichwa cha paipu kinapoungana na paipu yenyewe, au katikati ya paipu, mahali inaposuguana na chuma kingine. Kila moja lina tiba yake.

Tena iko alama moja ya siri. Katika baadhi ya injini kipande cha paipu hupita chini ya mfuniko wa valvu. Ikivuja huko huoni tone nje, bali dizeli hushuka katika oili. Ukipima oili ukaiona imezidi badala ya kupungua, na ina harufu ya dizeli, usiiendeshe tena injini hiyo. Oili iliyochanganyika na dizeli huwa nyepesi, nayo hula beringi.

4. NATI IVUJAYO

Hapa ndipo wengi wanapoharibu. Akiona nati inavuja, mtu hushika spana ndefu akavuta kwa nguvu zake zote. Yafaa tujue kilichomo ndani ya nati. Mwisho wa paipu una kichwa chenye umbo la pia, ile wanayochezea watoto. Kichwa hicho huingia katika kikalio kilichochongwa kwa umbo lake, na chuma hukutana na chuma. Hapana wosha, hapana utepe, hapana gundi. Kinachozuia mafuta ni ulaini wa nyuso mbili zile na kukaa kwake sawasawa.

Basi fanya hivi. Injini iwe imezimwa. Futa uchafu wote ulio kuzunguka nati. Tumia spana mbili: moja ishike kile chuma kinachopokea nati juu ya pampu kisizunguke, na ya pili ndiyo ikaze nati. Ukitumia moja tu waweza kukizungusha chuma cha chini, ukazua uvujaji mwingine usiokuwapo. Spana ipime kwanza. Injini kongwe za Kiingereza zina nati nyingi za kipimo cha Whitworth, lakini sehemu za pampu na nozeli mara nyingi hufuata milimita. Spana inayocheza hula pembe za nati.

Ukikaza kwa kiasi na bado inavuja, usizidishe. Fungua nati za pande zote mbili, uitoe paipu nzima. Osha vichwa vyake na vikalio vyake kwa dizeli safi, uvitazame juani. Mara nyingi kosa ni chembe ya mchanga au kutu. Irudishe paipu, na nati zote mbili zianze kwa vidole tu, mpaka zifike. Paipu lazima ikae yenyewe mahali pake pasipo kulazimishwa. Ikiwa wahitaji kuivuta ili nati ishike, paipu imepinda, na ukiikaza hivyo kichwa kitakaa upande. Zikishashika zote mbili kwa vidole, ndipo ukaze kwa spana.

Kichwa kikiwa kina mkwaruzo wa wazi, au kimebonyea kwa kukazwa mno, hakitengenezwi kwa tupa. Kukaza kupita kiasi hubana hata tundu la ndani, na injini hupungua nguvu ijapokuwa haivuji tena. Paipu ya namna hiyo wakati wake umekwisha.

5. PAIPU ILIYOPASUKA

Wako mafundi wema wanaojua kuokoa kila kitu. Twawasifu kwa hilo, lakini hapa tuwakatalie. Sabuni ya mche huziba tangi kwa muda. Haizibi paipu ya nozeli. Mpira wa tyubu uliofungwa kwa waya hautastahimili hata dakika moja. Utepe mweupe wa mafundi bomba hukatika vipande vikaziba matundu ya nozeli. Kutia lehemu au kuchomea shaba huonekana kumefaa, lakini kiungo hicho kitapigwa mapigo 19,500 kila saa, na magamba ya moto yaliyobaki ndani yatasafiri mpaka kwenye nozeli. Na kukata kipande kibovu ukaunganisha kwa mpira na klipu ni kujitafutia ajali.

Dawa ni paipu mpya: ya chuma kisicho na mshono, yenye unene ule ule, tundu la ndani lile lile, na urefu ule ule. Peleka ya zamani dukani ukalinganishe nayo, usiende na maneno matupu.

Urefu wataka maelezo. Katika lori lenye silinda nyingi utaona paipu nyingine zimezungushwa, ingawa nozeli yake iko karibu na pampu. Aliyeitengeneza hakupoteza chuma bure. Pigo la mafuta husafiri ndani ya paipu kiasi cha mita 1,400 kwa sekunde. Ni mwendo mkubwa, lakini si wa papo kwa hapo. Injini iendayo mizunguko 2,400 kwa dakika, paipu moja ikizidi nyenzake kwa futi 1, nozeli yake itachelewa karibu digrii 3 za mzunguko. Silinda hiyo haitakwenda pamoja na wenzake, na utaona moshi na mtikisiko usiojua sababu yake. Injini ya silinda moja iendayo polepole haidhuriki sana, lakini kuufuata urefu wa asili ndiyo salama.

Kisha jiulize: iliyokufa iliuawa na nini? Mara nyingi muuaji ni klipu iliyopotea. Paipu za lori hushikwa pamoja kwa klipu zenye mpira ili zisitetemeke. Fundi huzifungua, akaona ni udhia kuzirudisha, akazitupa. Baada ya miezi michache paipu hukatika nyuma ya kichwa. Ukitia paipu mpya bila klipu, umejiwekea miadi na uvujaji mwingine. Na sisi wa visiwani tunaye adui wa pili, nayo ni chumvi. Paipu za mashua hulika kwa nje mpaka zikatoboka. Zipanguse mara kwa mara kwa kitambaa chenye oili, na palipobanduka rangi ipake tena.

6. KUTOA UPEPO

Ukishafungua paipu, upepo umeingia, na injini haitawaka mpaka utoke. Jaza tangi. Legeza skrubu ya juu ya chujio, uyaache mafuta yatoke mpaka povu liishe, kisha kaza. Fanya vivyo hivyo kwenye pampu. Mwisho legeza nati ya upande wa nozeli mzunguko mmoja tu, inua kile kichuma cha kuondoa mkazo wa silinda, uzungushe handeli. Kwa lori, mwenzako azungushe stata kidogo kidogo. Uso na mikono viwe mbali na nati. Mafuta yakitoka bila mapovu, kaza nati, uzungushe tena. Nozeli nzuri italia kwa sauti ya mkwaruzo kila inapopiga, na mafundi wengi huitambua hali yake kwa sikio. Ndipo sasa uiwashe, ukapitisha tena lile boksi.

Muda wote wa kazi, kila tundu lililo wazi lifunikwe kwa kitu safi. Nafasi iliyopo ndani ya pampu, baina ya chuma kinachokwenda na ala yake, ni elfu chache tu za milimita. Chembe usiyoiona huikwaruza.

7. HESABU YAKE

Wengine husema, "Ni matone tu." Basi weka kopo chini ya tone hilo kwa saa moja, kisha ulipime. Likipatikana robo lita, kwa siku ya kazi ya saa 8 umemwaga lita 2. Zidisha kwa siku za msimu, uzidishe kwa bei ya dizeli ya siku hiyo, halafu ulinganishe na bei ya paipu moja. Hesabu hiyo kila mtu aifanye kwa kalamu yake mwenyewe.

Na hasara kubwa haimo katika kopo. Karafuu kavu husifiwa kwa harufu yake. Gunia likiloa dizeli katika sakafu ya lori au katika maji machafu ya chini ya mashua, harufu ile haitoki kwa kuanikwa. Mtu amepanda mkarafuu, au ameurithi, ameupalilia, ametafuta wachumaji, ameanika kwa siku kadhaa huku akilikimbilia wingu la mvua, kisha mzigo unaharibika njiani kwa nati iliyolegea.

Rai yetu ni hii. Kila mwenye injini aikague kabla ya msimu kuanza, si siku ya kupakia. Aweke paipu moja ya akiba iliyofungwa ncha zote mbili. Wenye injini za namna moja katika kijiji wanaweza kuchanga wakanunua akiba moja, ikakaa kwa mmoja wao anayejulikana. Na dizeli iliyomwagika ifunikwe kwa mchanga na kuzolewa, isiachiwe kuteremkia kisimani.

MASWALI YA KUJIPIMA

Msomaji ajaribu kujibu bila ya kurudi nyuma. Anayesoma na vijana wake awaulize wao kwanza.

1. Kwa nini paipu ya nozeli haitiwi utepe wala lehemu?
2. Mwenzako amechomwa na uzi wa dizeli kidoleni, naye asema hasikii maumivu. Utafanya nini, na utamwambia nini daktari?
3. Mafuta yanadondoka chini ya pampu. Utajuaje kama ndipo yanapotoka?
4. Kwa nini nati hukazwa kwa spana mbili?
5. Paipu mpya imekatika baada ya miezi mitatu, mahali pale pale. Utatafuta nini?

Wanachama wenye swali juu ya injini zao walilete ofisini kwa maandishi, pamoja na namna ya injini na mahali panapovuja. Yale yenye manufaa kwa wengi tutayajibu katika kurasa hizi, Inshaallah.

Katibu wa Chama